Mwanangu aliongeza RAM, sasa kompyuta inazima kila asubuhi na nyumba haina amani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina steshenari ndogo Isevya, hapa Tabora mjini. Ni chumba kimoja chini ya mwembe, kina kompyuta moja ya mezani, printa, mashine ya fotokopi na ya laminesheni. Kompyuta niliinunua ya mtumba miaka minne iliyopita, na hiyo ndiyo imewavalisha wanangu sare za shule.

Miezi hii ya Julai na Agosti ndiyo mavuno yangu. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanakuja kuomba vyuo na mkopo wa elimu ya juu. Kila mmoja ana vyeti vya kuskani, picha ya kupunguza na fomu ya kuchapa. Mwaka huu kompyuta ikaanza kuzidiwa. Ukifungua kurasa mbili za intaneti na barua ya mtu pembeni, inaganda. Mteja anasimama, anatazama simu yake, mwisho anavuka barabara kwa jirani.

Ninaishi na mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 21, ananiita mama mdogo. Alisoma kompyuta mwaka mmoja chuoni na tangu Januari ananisaidia dukani. Ndiye aliyesema shida ni RAM, kile kipande cha ndani kinachoshika kazi wakati kompyuta imewaka, kwamba iliyopo ni GB 4 tu, tukiongeza nyingine ya GB 4 mashine itakimbia. Nikakopa laki mbili kwenye kikoba. RAM tukaagiza Dar kwa shilingi 40,000, ikaja na basi, imefungwa kwenye nailoni nyembamba ndani ya bahasha. Pesa iliyobaki nikanunulia wino na karatasi.

Jumamosi jioni akafungua mashine, akapuliza vumbi, akachomeka. Ikawaka vizuri. Siku tano nilikuwa kama mtu aliyenunua kompyuta mpya. Siku ya sita umeme ukakatika mchana tukiwa tunachapa, ukarudi, ukakatika tena. Kesho yake asubuhi nawasha, nembo ya Windows inatokea, viduara vinazunguka, halafu skrini yote bluu na uso wa huzuni, kisha inajizima na kujiwasha. Inarudia mara tatu, siku nyingine mara saba. Ikishavuka hapo inaweza kufanya kazi mpaka jioni, au ikafa saa sita mchana fomu ya mtu ikiwa katikati. Maneno ya kwenye bluu nimeyanakili: siku moja ni MEMORY MANAGEMENT, siku nyingine PAGE FAULT IN NONPAGED AREA, na mengine sikuwahi kuyamaliza.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Aliiwasha mara moja tu, akaona bluu, akatikisa kichwa. Akasema mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imeungua, kijana wako ndiye aliyeichoma, kuibadilisha ni 280,000. Fundi mwingine kwa simu akasema haina haja, nipige window upya kwa 20,000.

Niliporudi nilimfokea mtoto mbele ya wateja. Nilimwambia amenirudisha nyuma, nikaongeza na neno ambalo mama yake angekuwa hai nisingethubutu kulitamka. Hakunijibu. Tangu siku ile anafungua duka, anafagia, anakaa nje kwenye benchi. Kompyuta haigusi. Jioni nikipakua chakula anasema ameshiba.

Mume wangu anataka arudi Urambo kwa baba zake wadogo akalime tumbaku. Na kuna jambo sijamwambia mtu, Shangazi. Mume wangu hajui pesa ilitoka kikoba. Anaamini kijana alinishawishi nikachota akiba ya duka, na mimi nimenyamaza. Marejesho yanaanza mwisho wa mwezi huu.

Nimlipe fundi? Nimwache mtoto aende? Au niing'oe hiyo RAM niitupe, turudi tulikotoka?

Mama wa steshenari, Tabora.

*

Marahaba, mwanangu. Mwangaluka.

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nikimtazama yule kijana kwenye benchi, mara ya pili nikiitazama mashine. Nimeona hayo mawili yamefungwa kwenye fundo moja, na ukilivuta kwa nguvu upande mmoja, upande wa pili unazidi kukaza.

Nikuelewe hivi: uliongeza RAM ili msimu usikupite, ukaikopea. Ikakutendea haki siku tano, kisha ikaanza kukuangusha. Mafundi wawili wamekupa majibu mawili ambayo hayafanani kabisa, na hakuna kati yao aliyepima kitu. Mume amepata wa kumlaumu. Wewe nawe umemlaumu huyo huyo, na moyoni kuna deni ambalo amelibeba yeye bila kujua. Hapo ndipo usingizi unapokatikia, si kwenye skrini ya bluu peke yake.

Nianze na mashine, maana yenyewe inaweza kuulizwa ikajibu.

Umeniandikia "aliongeza RAM, sasa inazima". Lakini wewe mwenyewe umetaja mambo matatu yaliyotokea wiki ile. RAM mpya iliingia. Vumbi lilipulizwa, na huenda kipande cha zamani nacho kilitikisika kwenye sloti yake, yaani pale kinapochomekwa. Kisha umeme ukakatika na kurudi na kukatika tena, mashine ikiwa kazini. Kuzima kulianza baada ya yote matatu, na kulianza asubuhi iliyofuata ule umeme. Sisemi RAM haina kosa. Nasema washukiwa ni zaidi ya mmoja, na hadi sasa aliyehojiwa ni kijana tu.

Kila kimoja kina dalili zake. RAM ndiyo meza ambayo kompyuta inatandazia kazi wakati imewaka. Ukizima, meza inabaki tupu. Asubuhi Windows inapoamka inatandaza vitu vyake humo, na kama kuna kona mbovu, kuanguka kunategemea nini kimewekwa pale kwenye kona siku hiyo. Ndiyo maana maneno ya kwenye bluu hubadilika leo na kesho. Wewe umenakili mawili yasiyofanana, na mimi hilo linanielekeza kwenye RAM au jinsi ilivyokaa. Linaelekeza tu, halithibitishi. Faili la Windows likiharibika kwa sababu ya umeme, mara nyingi mashine huangukia pale pale, na maneno yale yale, kila ukiiwasha. Yako inaanguka mara saba, ya nane inapita. Tena inasumbua zaidi asubuhi ikiwa baridi, na asubuhi za Julai hapo Tabora zina baridi kweli. Kifaa kinachogoma kikiwa baridi kisha kikakubali kikipata joto, mimi hufikiria mguso hafifu kwenye sloti, au pawasaplai iliyochoka, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, na hiyo ya pili umeme wa kukatika na kurudi unaweza kuimalizia kabisa.

Zipo sababu nyingine zisizo na mkosaji ndani ya nyumba yako. RAM mbili zinaweza kuwa nzima zote na bado zisielewane. Soma vibandiko vyake. Kama mashine yako inatumia RAM za kizazi kiitwacho DDR3, kimoja kinaweza kuandikwa PC3-10600 na kingine PC3L-12800. Hiyo L ni ya aina inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5, na namba inayofuata inahusu kasi. Kwa kawaida mashine huzishusha zote kwenye kasi ya ile ya polepole na kazi inaendelea, lakini si kila mashine inavumilia kila mchanganyiko. Halafu ile nailoni. RAM husafirishwa kwenye mfuko maalumu wa kijivu unaozuia umeme tuli, ule umeme unaorusha nywele unapovua sweta wakati wa kiangazi. Mguso mmoja usiousikia hata kidoleni unaweza kuumiza kipande cha RAM, na kikaendelea kufanya kazi siku kadhaa kabla ya kuonyesha. Je, iliumia dukani Dar, kwenye nailoni, au mkononi mwa kijana? Huenda usijue kamwe. Naomba ujiandae na hilo tangu sasa.

Sasa njia ulizonitajia.

Kupiga window upya kwa 20,000 kunavutia kwa sababu ni rahisi, na ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko yote. Windows mpya inapoingia, kila faili linapitia kwenye RAM hiyo hiyo kabla ya kuandikwa kwenye diski. Kama RAM ni mbovu, utaandika ubovu juu ya diski safi, na fomu za wateja na kumbukumbu za miaka minne zitakuwa zimeshafutwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kila siku unayoendelea kuhifadhi kazi kwenye mashine iliyo katika hali hii unaziweka faili hatarini. Njia yoyote utakayofuata, faili zitangulie: itolewe RAM mpya, mashine iwashwe na ile ya zamani peke yake, zinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje.

Kubadilisha mazabodi kwa 280,000 kunaweza kuwa sawa. Fundi ana macho, huenda ameona kitu ambacho mimi siwezi kukiona kwenye barua. Ila kuiwasha mara moja si kupima. Unaweza kumrudia kwa heshima ukamuuliza: umejaribu RAM yako nzima kwenye mashine yangu? Umejaribu yangu kwenye mashine yako? Pawasaplai umeiangalia? Fundi mzuri hakasirishwi na maswali hayo. Hatari ya kulipa kabla ya kuuliza ni kufunga ubao mpya, kuchomeka RAM zile zile, na kuamkia bluu ile ile ukiwa na deni la pili.

Kuing'oa RAM na kuitupa kutakurudisha kwenye foleni inayovuka barabara, lakini kutakupa mashine inayowaka, kama tatizo lilikuwa huko. Kuing'oa ningekuruhusu hata kesho. Kuitupa hapana, kwanza uliza duka la Dar wanapokea marejesho ndani ya siku ngapi. Ukiwarudia na ushahidi wa kipimo, watakusikiliza tofauti na ukiwarudia na malalamiko.

Ipo njia moja ambayo hukuitaja, na gharama yake ni ufutio wa shule na asubuhi chache. Zima kabisa, ukibofya kuzima, shikilia kitufe cha Shift, maana Windows za siku hizi huhifadhi sehemu yake kwenye diski jioni na kuirudisha asubuhi, na hapo utakuwa unapima usingizi badala ya mwamko. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe. Shika chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Toa RAM zote mbili, mkizishika pembeni. Yale meno ya rangi ya dhahabu yasuguliwe taratibu kwa ufutio mweupe, yafutwe kwa kitambaa kikavu, na sloti zipigwe brashi laini badala ya kupulizwa kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Kisha rudisha ile ya zamani peke yake, pale ilipokuwa, bonyeza mpaka usikie vishikizo vinalia ka! Hiyo ka! ni muhimu. Upande mmoja ukibaki juu kwa unene wa kucha, mashine inaweza kuwaka na kukudanganya siku kadhaa.

Iwashe hivyo asubuhi mbili au tatu, ikiwa baridi, kwa sababu asubuhi ndiyo saa yake ya ugonjwa. Ikitulia, toa ya zamani, weka mpya peke yake kwenye sloti ile ile, asubuhi nyingine mbili. Kisha ile iliyoonekana nzima ijaribiwe kwenye sloti ya pili. Mpya ikianguka kila mahali na ya zamani ikasimama kila mahali, jibu mnalo. Zote zikisimama kwenye sloti moja na kuanguka kwenye nyingine, sloti ndiyo mbovu. Fundi atakuwa amekaribia ukweli, ila bado unaweza kutumia kipande kimoja cha GB 8 kwenye sloti nzima, kama mashine yako inakikubali. Kila moja ikisimama peke yake na zikaanguka pamoja, hazielewani. Na ya zamani ikianguka peke yake kote, basi macho yahamie kwenye pawasaplai na mazabodi.

Mkitaka kipimo cha ndani zaidi, ipo programu ya bure iitwayo Memtest86+, inawekwa kwenye flashi na mashine inaamshwa kwa flashi hiyo. Iacheni ifanye kazi usiku kucha, skrini imezimwa. Kompyuta ya ofisi ya kawaida haitakula LUKU nyingi, kiasi cha uniti moja hivi. Ikitoa kosa hata moja, mlichukulie ni kosa. Na mara hii muwashe kupitia UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, kama mnaweza kuazima, umeme usije ukakatika tena katikati mkachanganyikiwa upya.

Nani afanye kazi hiyo? Hapa nakuuliza tu, sikuamulii.

Kuna fundi mwingine unayeweza kumlipa kidogo apime. Na kuna kijana aliyeko kwenye benchi. Ukimwita yeye, utampa nafasi ya kuutafuta ukweli hata ukiwa dhidi yake. Hatari ipo: kipimo kinaweza kuonyesha kwamba hakuibonyeza vizuri, au aliishika vibaya. Jiulize kabla hamjafungua kasha, siku hiyo utamwambia nini? Kama jibu lako ni lile neno ulilolitamka mbele ya wateja, afadhali apime mtu mwingine. Kama unaweza kumwambia "sasa umejua, mara ijayo utasikiliza ka!", basi mwite. Na kama kipimo kitaonyesha hakuwa na kosa, utakuwa na jambo la kumwambia pia, na hilo huwa gumu zaidi kwetu sisi wakubwa. Wateja waliosikia ukifoka ni wa mtaani, bado wanakuja dukani.

Lakini najiuliza kama lile neno lisubiri kipimo. Kukosea kuchomeka RAM ni jambo moja, neno kuhusu yatima ni jambo jingine. La kwanza mashine italijibu. La pili hakuna kipimo chake, na kila jioni anayosema ameshiba, wewe na yeye mnajua hajashiba.

Kuhusu baba watoto, naona unamwogopa kidogo, au unaogopa kumvunja moyo. Hukuniandikia kwamba ni mkatili, kwa hiyo sitamfanya awe hivyo. Huenda anapotaka kijana aende Urambo anahesabu sahani mezani. Huenda kweli anaona duka la mkewe linachezewa. Ila hesabu yake ameipigia kwenye kitu ambacho hakikutokea, kwa sababu wewe umenyamaza. Ukimwambia habari ya kikoba, unaweza kupata ugomvi wa siku kadhaa, na wewe ndiye unayemjua, si mimi. Usipomwambia, marejesho yanaanza mwisho wa mwezi, na akina mama wa kikoba wana midomo. Unaweza pia kumtanguliza mtu wake anayemsikiliza, dada yake au rafiki wa msikitini au kanisani. Unaweza kusubiri mashine ipone kwanza ili habari imfikie ikiwa na neema, ila hapo utakuwa umemwacha kijana abebe mzigo huo siku kadhaa zaidi. Sina mizani ya kukupimia hilo nikiwa huku.

Na Urambo, je? Kulima tumbaku si adhabu, ni kazi ya watu wengi wenye heshima, na huenda siku moja akaichagua mwenyewe. Je, kuna aliyemuuliza yeye anataka nini? Katika barua nzima sikuona sentensi hata moja aliyoisema baada ya siku ile, isipokuwa "nimeshiba".

Mkianza kupima, nunueni daftari dogo. Kila asubuhi liandikwe: tarehe, RAM ipi, sloti ipi, imewaka mara ya ngapi, maneno gani yametokea kwenye bluu. Fundi atalihitaji, duka la Dar litalihitaji, na ukiniandikia tena nami nitalihitaji. Mwandiko uwe wake.

Shangazi